Siku Niliyomuua Shangazi kwa Ajili ya Basketi

Msinicheke kabla sijamaliza, na mkishindwa kujizuia chekeni kimya, kwa sababu aibu hii bado haijapoa, na mimi mwenyewe bado napita njia zile zile za mji wetu wa Kamina nikiangalia chini kama mtu aliyedondosha sindano. Mimi ni mwalimu (ndiyo, yule yule anayewasimamisha watoto wa watu pembeni ya darasa kwa kusema uongo), na nitawaambia nilivyomzika mtu mzima, mwenye afya zake, kwa simu moja ya asubuhi.

Binti yangu anaitwa Numbi, ana miaka kumi na minne, na Mungu alimpa mikono. Kwenye timu ya mpira ya wasichana wa mtaa wa reli, alikozaliwa na kukulia mume wangu, yeye ndiye alikuwa golikipa, na kwenye kanisa letu la Kimetodisti, nilikokulia mimi, alikuwa anacheza basketi. Mzazi mwenye akili angemkalisha mtoto chini, angemuuliza anapenda upi, yangeisha. Mimi sikuuliza, maana sokoni wake wa wafanyakazi wa reli walikuwa wananiita mama wa golikipa, kanisani wananiita mama wa basketi, na mimi nilikuwa nazipenda sifa zote mbili, siwafichi, nilikuwa nazila kama chakula. Mtoto ndiye aliyekuwa anakula amesimama, anatoka kiwanja hiki anakimbilia kile, analala juu ya vitabu, na mimi nikiulizwa kama hachoki nasema mtoto wangu ana nguvu, hamumjui.

Basi ikafika Jumamosi ambayo nusu fainali ya mpira na nusu fainali ya basketi ziliangukia mchana mmoja, moja karibu na reli, nyingine kwenye kiwanja cha kanisa, mji mzima katikati. Kocha wa mpira, Kocha Banza, alikuwa ametuambia wazazi kwamba golikipa wa pili alihamia Likasi na wazazi wake, kwa hiyo bila Numbi hana timu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wa basketi naye akasema washindi wa mashindano wataenda kucheza Lubumbashi, anamtegemea Numbi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilimwahidi kila mtu, nikarudi nyumbani nikiwa na raha, kana kwamba nina watoto wawili.

Jumamosi asubuhi Numbi aliniomba jambo dogo tu. Alisema, "Mama, minyi nitaenda kwa Kocha Banza, nitamuambia ukweli. Atakasirika, lakini atasikia." Nikamwambia mambo ya wakubwa yanasemwa na wakubwa, akaoge. (Hapo ndipo ningejifunga mdomo kwa kitambaa, lakini nani alijua.)

Nikampigia Kocha Banza. Nilikuwa nimepanga kusema mtoto ana homa, lakini homa mtu anaweza kuja kuitazama, kwa hiyo ulimi wangu ukatafuta kitu kikubwa zaidi, na nikajisikia nasema, "Kocha, tuko na kilio ku nyumba. Shangazi wa baba yake Numbi alikufa." Nilimchagua shangazi kama mtu anavyochagua nyanya sokoni: yuko Malemba-Nkulu, mbali, barabara mbaya, simu inanasa mtandao ikipenda, na mume wangu alikuwa kazini kwenye treni ya mizigo, hatarudi mpaka Jumapili. Nani angeuliza? Na huyo shangazi si wa kutajwatajwa, maana ndiye aliyemlea mume wangu tangu mama yake alipofariki, alimbeba mgongoni, alimsomesha kwa kuuza samaki wakavu.

Kocha akasema, "Pole sana, Mama Numbi. Hamutabakia peke yenu. Tutakuya." Nikasema asante, nikazima simu kabisa asije akapiga tena, nikamwambia Numbi kwamba kocha amekubali, twende basketi.

Sasa sikilizeni ujinga wangu ulipokuwa. Sisi Wametodisti mtu akifiwa tunamwarifu mchungaji, jambo linatangazwa Jumapili katika ibada, kamati ya akina mama inapanga siku ya kwenda kuona wafiwa, kila kitu kina utaratibu wake, kwa hiyo katika hesabu yangu hakuna mtu angesogea kabla ya Jumapili, na Jumapili ningepata la kusema. Nilisahau kwamba watu wa reli hawana utaratibu huo. Wazee wao waliletwa kazini kutoka kila upande, wakafika hapa bila ndugu, wakawa ndugu wao kwa wao, na kwao ukisema neno kilio asubuhi, mchana turubai limeshasimama uani kwako. Nimeolewa na mtu wa reli miaka yote hii na nilisahau.

Kwenye basketi tulishinda. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nilicheza mbele ya mke wa mchungaji, nilijifunga kitambaa chekundu cha timu kichwani, na mtu akanipa filimbi nikaitundika shingoni. Tulirudi kwa pikipiki, mimi na Numbi kwenye ya mbele, wenzake kwenye pikipiki nyingine nyuma wanaimba, na mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo.

Tulipokaribia nyumbani niliona turubai la bluu, nikamwambia dereva, maskini, majirani wamefiwa, apunguze mwendo. Akapunguza, na ndipo nikaona kamba ya turubai imefungwa kwenye mparachichi wangu na kwenye nguzo ya jiko langu. Wake wa reli walikuwa wamejaa uani, wengine wanasonga bukari, ugali wetu, kwenye sufuria kubwa, wengine wamekaa kwenye mikeka. Jirani yangu Mama Kabamba ndiye aliyewafungulia, akawaambia bila shaka nimekwenda kumwarifu mchungaji. Wasichana wa timu ya mpira walikuwa wamekaa chini kwenye safu, wamevaa jezi zao, hazina hata vumbi, kwa sababu hawakucheza: Kocha Banza alikwenda kuomba mechi ihamishwe kwa ajili ya msiba wetu, wapinzani wakakubali pale pale, na baadhi yao walikuja nao kulia. Yaani ningeomba tu, ningepewa.

Na katikati, kwenye mkeka, bila viatu, alikaa mume wangu. Treni yao iliharibika njiani wakarudishwa, akatoka stesheni na mfuko wake begani, akakuta kwake kunalia, akauliza ni nani, wakamwambia. Mama Kabamba alinieleza baadaye kwamba alianguka kama alivyo, na ilibidi wanaume wamshike. Mimi nilimkuta macho yamevimba, na nyuma yangu nyimbo zilikuwa zinakatika moja moja, kila pikipiki ikifika.

Akaniangalia, kitambaa chekundu, filimbi. Akauliza taratibu, "Mama Numbi, shangazi alikufa namna gani?"

Nilitafuta uongo mwingine, nasema kweli mbele ya Mungu, niliutafuta, nikakosa.

"Shangazi iko muzima," nikasema.

"Nani alisema alikufa?"

"Ni minyi."

Hakuna aliyenipigia kelele, na afadhali wangepiga. Wanawake waliacha kusonga. Mume wangu alitoa simu, akapiga Malemba, na ile simu ambayo hunasa ikipenda siku hiyo ilinasa mara moja. Aliweka sauti kubwa, lakini shangazi alipoitika yeye akaanza kulia upya kama mtoto, ikabidi nieleze mimi, mbele ya watu wote, nimepiga magoti kwenye udongo wangu mwenyewe. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa minyi nilikufa juu ya nini?"

"Juu ya basketi, shangazi."

"Basketi ni nini?"

Kocha Banza alilifungua turubai kwa mikono yake, akalikunja vizuri. Unga waliouleta hawakuuchukua. Walisema chakula cha kilio hakirudi. Mume wangu hakuugusa, na mimi niliula peke yangu mpaka ukaisha, na ulikuwa mchungu. Wazee wa ukoo wake walisema kumlilia mtu mzima ni kumwitia kifo, nikapelekwa Malemba na kuku mweupe na kitenge kipya, nikapiga magoti tena. Shangazi alipokea, akanisamehe kwa mdomo, lakini maji niliyomtekea hakuyanywa. Kila akikohoa huko, simu inapigwa kwangu kwanza. Sokoni sasa naitwa Mama Kilio.

Hayo yote ningeyabeba. Ninaloshindwa kubeba ni Numbi. Jumatatu ile alifua jezi zote mbili, akazipiga pasi, akazirudisha kwa makocha wote wawili, peke yake, bila kuniambia. Fainali ya basketi walicheza bila yeye wakashindwa. Kocha Banza alikuja kumwambia golini hajawekwa mtu, nafasi yake ipo, na Numbi alimjibu kwa adabu kwamba wale wasichana walimlilia shangazi wa baba yake kweli, hawezi kuwaangalia usoni. Mtoto aliyekuwa na timu mbili sasa anakaa nyumbani Jumamosi, anachambua mboga, na mikono ile naiona inafanya kazi hiyo vizuri sana.

Nimeapa, na wala sikuapa kanisani, niliapa jikoni: sitaahidi tena kwa mdomo wangu kitu ambacho mwili wa mwingine ndio utakilipa, na nikishindwa nitasema nimeshindwa. Lakini kiapo changu kwa binti yangu hakina thamani yoyote. Juzi zoezi la kwaya liligongana na masomo yake ya ziada, nikamwambia asijali, nitazungumza na mkuu wa kwaya. Akaacha mboga, akaniangalia bila hasira yoyote.

"Na leo atakufa nani, mama?"

Nikavaa viatu nikaenda mwenyewe kwa mkuu wa kwaya, nikamwambia hatuwezi, mtoto ana masomo, basi. Nilipogeuka nikamkuta Numbi amesimama mlangoni. Alikuwa amenifuata ili asikie nitasema nini.