Gari la Kuserereka

Nina duka la spea Katesh, na kwa miaka yote niliyouza pampu na beringi sijawahi kuchekwa kama wiki ile niliposema natafuta gari la kudrifti, yaani la kuserereshwa kwenye kona kwa makusudi. Wanaume wazima, wale wale wanaokuja kuniuliza mimi kwa nini gari zao zinalia, walishika mbavu. "Dada, tafuta mchumba kwanza." Nikawajibu kwamba mchumba hana stelingi. Wakazidi kucheka, wakaondoka, nami nikabaki na hasira zangu mpaka jioni.

Sababu hawakuijua, na sikuwaambia. Kaka yangu alikufa masika ya mwaka juzi, kwenye barabara ya udongo ya kushuka kutoka kwetu Mbulu. Alikuwa na gari la Kijapani la zamani, la yale ambayo tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Kwenye kona mkia uliserereka, akakanyaga breki, gari likazunguka likaenda bondeni. Waliokuwa nyuma yake walisimulia kwamba taa nyekundu za breki ziliwaka mpaka chini.

Baada ya mazishi nilianza kutazama video za drifti kwenye simu. Mwanzoni sikujua natafuta nini. Halafu nikaelewa: gari la namna ile likianza kuserereka, breki huigusi. Unageuzia stelingi kule kule mkia unakokwenda, mguu unabaki kwenye mafuta kidogo kidogo, nalo linarudi. Breki ndiyo inayolimaliza.

Na aliyemfundisha kaka kukanyaga breki ni baba. Nilikuwepo, nimekaa siti ya nyuma, bado niko shule. "Likikushinda kanyaga breki, mengine mwachie Mungu." Baba alijifunzia kwenye trekta, na trekta ukilikanyagia breki linasimama. Hakuwa na ubaya wowote. Lakini nilipoijua habari hiyo ya breki nilikosa usingizi, nikamchukia kwa muda, kisha nikajichukia mimi kwa kumchukia. Nilitaka kujua kwa mikono yangu kile ambacho kaka hakukijua. Ila kuliko vyote, sikutaka baba ajue.

Sasa baba akasikia kwamba nanunua gari, akapanda basi akaja. Alisema kwetu mtu haendi kununua ng'ombe peke yake, kwa sababu aliyempenda ng'ombe haoni kwato. Nikasema hili si ng'ombe. Akasema ndiyo, ng'ombe ukikosea unamla.

Gari la kwanza lilikuwa la mwalimu mstaafu pale pale Katesh, jeupe, safi kama sahani. Baba akauliza swali lake la mnadani: "Kwa nini unaachana naye?" Mwalimu akasema magoti. Baba akaridhika. Mimi nikafungua mlango nikaona gia zinajibadilisha zenyewe, nikaufunga. Kwenye drifti unataka gia ikae pale ulipoiweka, siyo gari liamue kwa niaba yako.

"Sasa hili lina kasoro gani?" baba aliuliza tukiwa njiani. "Kwanza linavuta mbele au linasukuma nyuma?"

"Linasukuma nyuma."

Akasimama. "Kama lile?"

"Kama lile. Yote ninayotafuta ni ya hivyo."

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nampeleka baba kwenye unyasi kwa makusudi. Akataka kujua kwa nini. Nikamwambia spea zake zinapatikana, na magari hayo fundi yeyote anayaweza. Ni kweli, na ni uongo. Alinitazama kama mtu anayetazama mahindi yaliyolowa halafu yakaanikwa juu juu, kisha akaendelea kutembea.

La pili lilikuwa Gendabi, kwa mfanyabiashara wa mahindi. Gia za mkono lilikuwa nazo, nikafurahi mpaka nilipoinua kapeti na kuona nyasi. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu. Hendibreki ilikuja yote mkononi kama mwiko. Mwenyewe akasema, "Dada, hayo mambo madogo." Nikamwambia kwangu hayo ndiyo gari, mengine ni rangi. Baba akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike.

La tatu tulilifuata Hirbadaw, kwenye boma la wafugaji. Kuku walikuwa wametagia ndani. Boneti lilikuwa la rangi nyingine, taa moja haipo. Nikalala chini nikaangalia: hakuna kutu, shokapu hazivuji, waya wa hendibreki unashika vizuri. Gia zikaingia bila kelele. Aisee, ndilo lenyewe. Nilipoinuka nikamwona baba amesimama mbali, karibu na ng'ombe. Ndipo na mimi nikaliona vizuri. Lilikuwa la aina ile ile, na ubavuni kijivu kile kile cha gari la kaka.

Mwenye boma, mzee aliyejifunga shuka, tulimwamkia shikamoo, akaitikia. Baba akajikaza akauliza swali lake.

"Linateleza," mzee alijibu. "Mvua ikinyesha linageuka lenyewe. Vijana wangu nimewakataza."

"Umesikia?" baba aliniambia. "Twende."

"Nalichukua."

Wazee wote wawili wakanigeukia. Baba akasema taratibu, lakini kwa sauti ninayoijua, "Basi mweleze mzee huyu kwa nini unataka gari linaloteleza."

Ningeweza kusema spea tena. Nilichoka. Nikasema nataka kujifunza kuteleza bila kuanguka. Baba akarudi kwa ng'ombe, akasimama huko mpaka nikamaliza malipo na mzee. Tulipoingia barabarani akasema, "Ukishajua, utanionyesha."

Nilijifunzia pembeni mwa ziwa Balangida, kiangazi, maji yakiwa yamerudi nyuma na kuacha uwanja mtupu wa chumvi. Wachungaji walikuja kutazama, wakachoka, wakaondoka. Baba alipopiga simu kuuliza nitamwonyesha lini, nilisingizia klachi, nikasingizia tairi. Baada ya mavuno akaja bila kupiga.

Alifunga mkanda. Nikaingiza gia ya pili, nikalitupa gari kushoto, mkia ukatoka, nikaurudisha. Nikarudia. Kila mkia ulipotoka, mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kwa nguvu, pale ambapo upande wa abiria hakuna breki. Nikasimamisha.

"Breki umekanyaga saa ngapi?"

"Sijakanyaga, baba."

"Ungekanyaga?"

Nilitafuta uongo. Nilikuwa nao, niliuandaa tangu Hirbadaw: kwamba chumvi si tope, kwamba kule mlimani hakuna ambacho kingesaidia. Nikamtazama, nikashindwa.

"Lingezunguka."

Akaitikia kwa kichwa. Akafungua mlango, akazunguka akaja upande wangu. "Sogea."

Akaendesha yeye. Mkia ulipotoka, mguu ukaenda kwenye breki, tukazunguka mpaka vumbi la chumvi likatuziba. Akaanza upya, mguu ukaenda kwenye breki. Nikamwambia, "Baba, basi." Akasema bado. Alikuwa akitokwa jasho, mdomo umekauka, na mguu haumsikii. Niliogopa moyo wake utasimama. Kisha safari moja mkia ulitoka, akageuza stelingi, mguu ukatetemeka juu ya mafuta ukabaki pale pale, na gari likanyooka.

Akazima. Mikono ikabaki kwenye stelingi.

"Kumbe linarudi," alisema.

Nililia, na yeye alilia, tukitazama mbele. Halafu akajifuta uso kwa kofia, akaivaa.

"Mama yako usimwambie."