Shimo la Yotamu

Kilimani kwetu, juu ya Chunya, watu wameshazoea kumwona Sedekia akiongea na shimo. Kila asubuhi, akielekea kwenye alizeti zake, hukata kona, huvua kofia, huegemea uzio wa miiba alioujenga mwenyewe, na kumpa baba yake habari. Baba, kumekucha. Mbuzi mweusi kazaa mapacha. Mkweo magoti yanamsumbua, ila ulimi mzima. Kisha huvaa kofia akaenda zake. Wageni humdhania kichaa. Sisi tunaomjua tunajua ni mtoto anayemwamkia baba yake, ingawa mtoto mwenyewe ana mvi hadi kwenye nyusi.

Shimo lile ni mdomo wa mgodi wa dhahabu uliokwisha kuachwa. Sedekia akianza kueleza habari zake, ugali utapoa mezani. Atakwambia kwamba zamani sana mwamba ulipasuka huko chini, maji ya moto yakapanda kwenye nyufa yakiwa yamebeba dhahabu, yakapoa, yakaacha mshipa wa jiwe jeupe wenye punje za njano ndani yake. Wazungu wakaja enzi za ukoloni, wakaufuata mshipa huo chini kwa chini mpaka maji yakawashinda na faida ikanywea. Wakang'oa mitambo yao wakaondoka. Ila mshipa hawakuumaliza. Huku na huko walikuwa wameacha nguzo nene za jiwe hilo hilo, zishikilie kilima kisiwaangukie.

Nguzo hizo ndizo zilizomponza Yotamu, baba yake Sedekia. Alikuwa ametoka Tukuyu kuja kuwafanyia kazi wazungu hao, na walipoondoka yeye alibaki na nyundo yake, akawa anashuka kuzimega nguzo kidogo kidogo. Kilima kilimvumilia miaka. Masika moja kikashuka, naye yumo ndani. Watu walifukua mpaka mikono ikachubuka, lakini kila walipoondoa jiwe, mengine yaliporomoka. Wakaacha.

Msibani, Sedekia, mtoto wa darasa la pili, aliokota konzi ya udongo akaenda nao hadi ukingoni. Alikwisha kuona mazishi, alijua mtoto humtupia baba yake udongo. Wazee wakamdaka mkono. Walimwambia hatumziki mtu tusiyemwona, huenda Mungu akamtoa. Wakamkunjua vidole, wakampangusa kiganja. Mama yake akangoja hadi naye akafa, na Yotamu hakuwahi kuzikwa.

Mtoto huyo akakua, akamwoa Evarista, Mhehe wa Kalenga, mwanamke asiyeogopa mtu. Wiki ya kwanza ya ndoa bibi harusi alipanga mafiga ya yale mawe meupe kwa sababu yalimpendeza. Maharage yalipochemka, figa moja likalipuka, chungu kikapinduka. Sedekia alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akamweleza kwamba wachimbaji huchoma jiwe hilo kwa makusudi ili lipasuke. Evarista akamwambia somo hilo lingefaa zaidi kabla ya maharage. Mpaka leo akimkasirikia mumewe humtajia maharage.

Sasa mwaka jana ng'ombe wa jirani alitumbukia kwenye shimo moja la zamani, na ikaamuliwa kwamba mashimo yote yafukiwe. Akaletwa mhandisi kijana, jina lake Lugano, akamwomba Sedekia amwongoze kabla katapila halijaanza kazi. Mzee alimwonyesha yote, hata yale yaliyomezwa na nyasi, kila moja na hadithi yake. Walipokaribia la baba yake, akageuza njia. Akasema kule kuna miiba tu.

Siku zilizofuata hakuwa na raha. Aliogopa kuona baba yake akimwagiwa kifusi kama takataka. Aliogopa pia, na hili hakumwambia mtu, kwamba shimo likizibwa hatakuwa na wa kumpa habari za mbuzi. Simlaumu. Lakini mficha uchi hazai, na watoto wa shule hupita karibu na pale, na miiba ya mzee haiwezi kuzuia hata ndama.

Evarista alimwacha amalize kula. Halafu akasema.

"Baba Ombeni, kwetu Kalenga tulingoja fuvu la Mtwa wetu, chifu Mkwawa, zaidi ya miaka hamsini. Bibi zetu walikufa wakingoja. Likavuka bahari, likarudi, tukalipokea. Baba yako hajavuka hata mto. Yupo hapa hapa, anangoja mkono wako tu."

Sedekia akanawa mikono, akaenda kulala. Asubuhi, kwa mara ya kwanza, alipita shimoni bila kusimama, akamfuata Lugano.

"Nilikudanganya, mwanangu. Limebaki shimo moja. Ndani kuna mtu."

Lugano alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza. Alisema wao wazike kwanza, katapila litafuata.

Jumamosi tukapanda kilima. Ombeni, binti yao, alikuja kutoka Ilomba na wanawe. Mchungaji alisoma neno, tukaimba, na dereva wa katapila, ambaye hakumjua hata mmoja wetu, akazima injini, akashuka, akasimama nasi. Kisha ikatangazwa kwamba mtoto wa marehemu atangulie.

Sedekia aliinama, akachota udongo mwekundu, akasogea ukingoni, akanyoosha mkono. Ngumi haikufunguka. Tukangoja. Alikuwa akitazama huku na huku kwa wazee, na hapakuwa na mzee aliyemzidi umri.

Evarista akajikongoja na magoti yake, akasimama kando yake. Hakumgusa.

"Baba Ombeni," alimwambia taratibu, "leo hakuna anayekushika."

Vidole vikafunguka. Udongo ukaenda zake chini, na yule mzee akalia kwa sauti, kilio cha mtoto wa darasa la pili, nasi tukapanga mstari nyuma yake, kila mmoja na konzi yake mkononi.