Swichi Magotini pa Mama Mkwe

Lori langu ni kuukuu, na fundi wake ni mimi mwenyewe, kwa hiyo hali yake mnaweza kuikisia. Feni yake ya asili, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, ilivunjika mapanga. Badala ya kununua nyingine kama watu wenye akili zao, nikafunga feni mbili za umeme nilizozing'oa kwenye magari madogo yaliyokufa. Thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, nilishakitupa zamani. Madereva wengi huku tunakitoa, tukiambiana kwamba kwa jua hili la Tabora injini itafute joto la nini tena?

Feni nazo zikagoma kujiwasha zenyewe. Nikasema hakuna shida. Nikafunga taa nyekundu inayowaka maji yakizidi joto, na chini yake swichi ya kubonyeza kwa mkono. Tatizo waya ulikuwa mfupi, basi taa na swichi vikaishia upande wa abiria, chini ya dashibodi, mbele kabisa ya magoti. Sikujali. Anayekaa pale siku zote ni mke wangu, na hubonyeza huku akinisema.

Siku ninayoisimulia, mke wangu hakuwemo. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitali ya Tabora, na ilikuwa siku yao ya mwisho. Mama yake, anayeishi kijijini ndani kabisa huko Sikonge, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alibaki kujua mwanga, giza na rangi kali tu. Mke wangu alitangulia kumshikia nafasi. "Mlete mama kabla ya saa sita," alinipigia simu. "Ukichelewa anapewa mwingine, na hakuna anayejua hawa watarudi lini. Halafu usianze ubunifu wako njiani!"

Sasa, kwa watu wa kwao mke wangu, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawagusani, wala hawasemeshani moja kwa moja. Neno likiwepo, hupitia kwa mtu wa tatu. Siku hizi wengi wamelegeza. Mimi, thubutu! Mimi ndiye mkwe niliyekuwa nikisifiwa ukoo mzima kwa adabu, na sifa zilikuwa zimenilevya vizuri tu. Nilimwamkia mama kwa mbali, kwa kinywa cha shemeji, nikiwa nimempa mgongo; shemeji akampandisha, yeye akabaki, tukaondoka wawili. Yeye kageukia dirishani na kitenge chake kichwani, mimi nimekodolea barabara.

Njia ya kutoka kijijini ni mchanga mtupu. Lori likienda polepole hivyo, upepo wa kupoza rejeta haupo, na hapo ndipo feni zinapohitajika. Hatujafika mbali, nikaona kwa pembe ya jicho taa nyekundu inawaka. Na swichi iko wapi? Magotini pa mama mkwe. Weee!

Ninyooshe mkono pale? Bora niruke dirishani. Nimwambie abonyeze? Kwa kinywa cha nani? Nikakohoa. Nikakohoa tena, utadhani swichi inasikia kikohozi. Mvuke ukaanza kutoka mbele. Nikasimama, nikashuka, nikapiga tairi teke kana kwamba tairi ndilo lenye kosa. Nikasubiri injini ipoe, nikaongeza maji, tukaondoka, na taa ikawaka tena. Simu ikaita. "Wamebaki watu wachache," mke wangu akasema. "Mko wapi?" Nikamjibu kama dereva yeyote: "Tunaingia." Kabla sijafikiria kumpitishia yeye neno la swichi, mtandao ukakatika.

Tunaingia wapi! Wapagazi wa zamani walitoka nchi hii na pembe za ndovu mabegani mpaka pwani kwa miguu, nami na injini nzima nilikuwa nashindwa kumfikisha mama mmoja mjini. Roho iliniuma. Nilijua kabisa kinachotakiwa, na bado nilikaa kimya.

Ndipo nikasikia sauti. Mama alikuwa anaisemesha dashibodi. "Wewe gari, mbona una kitu chekundu hapa magotini kwangu muda wote huu? Unaumwa?"

Nusura nilipeleke lori porini. Nikaukazia macho usukani. "Gari," nikasema, "mwambie mama unaumwa joto. Chini ya hiyo taa kuna swichi. Akiibonyeza utapona."

Mkono ukapapasa, swichi ikalia, feni zikavuma. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

"Sasa gari," mama akasema, "kwa nini hukusema mapema?"

"Gari lina adabu, mama."

"Adabu gani hiyo ya kuninyima macho?"

Aibu ilinishika mpaka masikio yakawaka. Kuanzia hapo taa ikiwaka, mama anabonyeza bila kuambiwa. Ikizimika, anazima feni. Tukatoka mchangani, tukashika lami, nikakanyaga mafuta. Tulimkuta mke wangu mlangoni akibishana na muuguzi, kamshika mkono asifunge. Mama akaingizwa, wa mwisho.

Kesho yake walimfungua bandeji ya jicho moja, lile walilolipasua kwanza. Mimi nilikuwa nje, nimejibanza nyuma ya nguzo, adabu zangu zote nimerudi nazo. Nikamsikia akimwuliza binti yake, "Gari liko wapi? Nataka nilishukuru."

"Liko kule uani, mama, chini ya ukuta."

"Si hilo."

Nikasikia kandambili zinakuja. Zikazunguka nguzo, zikasimama mbele ya viatu vyangu. Sikuthubutu kutazama juu ya hapo.

"Gari," akasema, "inua uso."

Nikainua. Tangu nimwoe binti yake hatukuwahi kutazamana. Jicho lake lilikuwa jekundu, linatoka machozi, na lilinitazama bila haraka, paji la uso, mashavu, kidevu.

"Kumbe una mvi, mwanangu," akasema. "Siku zote nilidhani wewe kijana."

Nikatafuta wa kumpitishia jibu. Lori lilikuwa mbali. "Shikamoo, mama," nikasema.