Wali wa Dua ya Nasiba

Kamali anatengeneza makochi hapa Kamembe, na kwa makochi simnyimi sifa: kiti chake ukikinunua leo, wajukuu watakirithi. Kwa mengine yote ni mtu wa kichwa kigumu, na kichwa hicho kimemgharimu binti yake. Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta, kwa hiyo nasema ninayoyajua.

Nasiba alitaka kusomea uuguzi. Alipata nafasi katika vyuo viwili, kimoja Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, na kingine Uturuki. Alikaa na simu yake akalinganisha. Bukavu nako mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji, lakini angevuka daraja asubuhi na kurudi kula kwao. Uturuki walimpunguzia ada kwa nusu, ila kwa mwaka wa kwanza tu. Kuanzia wa pili angelipa ada kamili ya wageni, pamoja na chumba, chakula na karatasi za ukaazi. Yote hayo alimweleza baba yake polepole.

Kamali alisikia neno moja tu, nusu. Ijumaa ya wiki ile ile alitangaza msikitini kwamba binti anakwenda Uturuki, na Jumapili ikasomwa dua ya safari. Kwetu dua hiyo si mchezo. Huyu analeta mchele, yule mbuzi, mwingine bahasha, Waislamu na Wakristo pamoja, na ukishaombewa njia umeshaondoka, hata kama bado umekaa sebuleni. Tulikula tukashiba. Watu wakaanza kumwita Papa Dokta, naye akaitika, ingawa hakuna udaktari uliokuwa ukisomewa.

Wageni walipotawanyika, Nasiba alimfuata baba yake kwenye karakana. Mama yake, Mwavita, alikuwepo, na ndiye aliyenisimulia.

"Papa, na Bukavu ni inje ya inchi," Nasiba alisema. "Mwaka ya pili tutalipa na nini?"

"Kule naendaka kununua sponji, ndiyo unaniambia ni inje?" Kamali alijibu. "Batu balishakula dua. Nitabaambia nini?"

Basi Nasiba akaenda Uturuki. Shamba la mpunga la Bugarama liliuzwa kwa ajili ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili ikauzwa cherehani ya kushonea vitambaa vya makochi, pesa haikufika popote, na chuo kikamsimamisha masomo. Sasa anakunja mashuka katika hoteli moja huko huko. Alipoomba kurudi, Kamali alimwambia avumilie, maana mtaani wangepita wapi kwa aibu. Mwavita alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi inanichoma hadi leo. Mtoto yule alikuwa ameona mbele kuliko sisi sote, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumwambia Kamali kwamba wali ule hatukumkopesha.

Mwezi uliopita Kamali alishikwa na kizunguzungu, nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi aliyetupokea alikuwa Umuhire, aliyekaa dawati moja na Nasiba sekondari. Yeye alisoma Bukavu, akivuka asubuhi pamoja na wachuuzi wa nyanya na kurudi nao jioni, na hakuna aliyemchinjia mbuzi.

Alimfunga mkononi kile kitambaa cha kupimia presha. Bila kuulizwa, Kamali akaanza: Nasiba yuko mwaka wa mwisho, anafanya mazoezi katika hospitali kubwa, walimu wanampenda, karibu atarudi. Alisema mbio mbio huku akitazama ukuta.

Umuhire na Nasiba huongea kwa simu kila wiki. Umuhire mwenyewe alishaniambia, na Kamali hajui. Nilimwona akishusha macho kwenye kipimo, akayaacha hapo.

"Papa, nyamaza kidogo," alisema kwa upole. "Ukisema, presha inapanda."

Kamali alinyamaza. Ikapimwa tena, na ilikuwa juu vile vile.