Mzigo wa Njia ya Kwihara

Mizani ya hospitali moja huko Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, ilionyesha kwamba mdogo wangu Shabani ana uzito wa watu wawili. Muuguzi akaleta mizani nyingine, nayo ikasema hivyohivyo. Shabani ni mwembamba; tangu utotoni kila mkanda anaonunua lazima tuutoboe tundu la ziada. Utaniamini ukitaka, lakini mimi nilikuwepo siku alipoongezewa uzito huo, na haikuwa Tbilisi. Ilikuwa hapahapa Tabora, alasiri, jua likiwaka.

Ngoja nianze nyuma kidogo.

Shabani alikuwa amepanga chumba mtaa wa Ipuli, hapa mjini, akifanya kazi kwa kompyuta. Kampuni ya ng'ambo ilimtumia rekodi za mikutano, naye akizisikiliza na kuziandika neno kwa neno. Nilipomuuliza bosi wake ni mtu wa wapi, alicheka. "Sijui, Dada. Ni jina tu kwenye skrini." Umeme ulipokatika kazi ilichelewa, na mwisho akapewa onyo. Ndipo akaamua kuhama. Kazi ingebaki ileile, yeye tu ndiye angetafuta mji wa kuifanyia.

Kwa miezi kadhaa hakuwa na mazungumzo mengine. Kigali ni karibu na ni safi, lakini kodi za nyumba ziko juu. Kuala Lumpur intaneti inakimbia, na chakula cha halali huhangaiki kukitafuta. Istanbul misikiti kila kona, ila bei zinabadilika kila ukiamka. Tbilisi wanakuacha ukae muda mrefu, lakini baridi yake! Mama, ninayeishi naye Kanyenye, alichoka kusikia.

"Wewe unachagua mji au unachagua mke?"

"Mke nitamkuta hukohuko, Mama."

"Umwambie kabisa kwamba hujui kufua."

Wiki ya kuondoka tulikwenda Kwihara kumuaga Bibi, mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi wakielekea pwani na meno ya tembo mabegani. Tulipanda pikipiki yangu, ikapata pancha tukiwa hatujafika. Tukaanza kuisukuma kwenye mchanga, yeye mazungumzo yake bado yako Kuala Lumpur: kule wanakula wali hata asubuhi.

Ndipo tukakutana na yule mtu.

Alikuwa mzee, amevaa kaniki iliyochujuka, miguu mitupu. Begani alikuwa na mzigo mrefu uliofungwa kwa jamvi, na kengele ndogo ikining'inia mwishoni. Alitusalimia kwa Kinyamwezi cha zamani, kile alichokuwa akikisema Bibi peke yake. Alitweta. Na wewe ungefanya nini? Umelelewa Tabora, umekutana na mzee amelemewa, utampita tu?

"Shikamoo babu, pole na safari," Shabani alisema. "Lete nikupokee."

Mzee akamtazama. "Umesema unanipokea?"

"Ndiyo, babu. Lete tu."

"Umesema mwenyewe. Sikukuomba."

Akaushusha kwenye bega la Shabani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha akanyoosha mgongo. Nilisikia mifupa yake ikilia. Aliangua kicheko, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Nikageuka kuiegemeza pikipiki. Nilipogeuka tena, njia ilikuwa tupu mbele na nyuma.

Shabani alikuwa amesimama palepale, ameinama upande mmoja, mkono umeshika kitu juu ya bega. Begani hapakuwa na kitu.

"Dada, nisaidie kutua."

Nikapeleka mikono. Nilishika hewa. Nakwambia hewa, na pembeni ya sikio langu kengele ikalia.

Kazi yangu ni kupeleka habari za mkoa redioni, na nimezoea kurudi mahali kuhakikisha. Kesho yake nilirudi. Alama za matairi zilikuwepo, na nyayo zangu na za Shabani. Kuanzia pale aliposimama, nyayo za Shabani zilikuwa zimezama kama za mtu aliyepita kwenye tope. Za mzee hazikuwepo.

Siku ileile ya mzee, Bibi alipomwona Shabani akiingia uani ameinama vile, hakuuliza kilichotokea. Aliuliza jambo moja.

"Mlimuuliza mzigo ni wa nani na unakwenda wapi?"

"Hatukumuuliza, Bibi."

"Sisi tulikuwa tunauliza kwanza. Akishindwa kujibu unampa pole, unapita." Akalitazama bega la Shabani. "Mzigo wa njia hii hautuliwi chini. Hutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Na hauombewi msaada. Mpaka mwingine aseme kwa mdomo wake."

Shabani alisema ni mshipa tu, akaondoka kama alivyopanga. Bibi alifariki mwaka uliofuata, na sijapata mwingine anayelijua jambo hili.

Kigali milima ilimmaliza. Akaenda Kuala Lumpur. Mpangaji wa chini akalalamika kwa mwenye nyumba kwamba juu kuna mtu anatembea na jiwe usiku kucha. Istanbul alikaa kipindi kifupi zaidi. Tbilisi ndiko walikompima, wakampiga picha za bega, wasione kitu. Kila mji ulikuwa na yale aliyoyataka: umeme, intaneti, utulivu. Nikimpigia kwa video namwona anaandika kwa mkono mmoja. Mwingine uko juu ya bega. Hulala ameketi. Mashati yake yote yametoboka mahali pamoja.

Siku moja nilimuuliza, kati ya miji yote hiyo, upi ulio bora. Hakutaja intaneti.

"Yote sawa, Dada. Huku hakuna anayempokea mtu mzigo. Kila mmoja anavuta begi lake la magurudumu. Nimesimama uwanja wa ndege nimeinama hivi, watu wanapita. Hakuna anayesema lile neno."

Kwa hiyo nawe unayesoma, ukipita njia ya Kwihara ukakutana na aliyelemewa, uliza kwanza: wa nani, unakwenda wapi? Asipojibu, pita, hata kama utaitwa huna adabu. Afadhali jina hilo.

Mimi nimechelewa kuuliza. Wiki iliyopita Shabani alirudi nchini ghafla, na leo yuko kwenye treni kutoka Dar es Salaam. Mama ameshapiga pasi khanga yake ya stesheni. Hatukuwahi kumwambia habari za mzigo, ana presha. Kila mwanawe anaposhuka, Mama hutangulia kuliko wote, mikono mbele, na neno lake la kwanza ni lilelile ambalo mtu yeyote wa hapa husema: lete nikupokee. Nikimzuia nitamweleza nini? Na nikimtangulia, nitasema nini mimi?

Asubuhi nimemwandikia Shabani kumuuliza kama anakuja kukaa, au anakuja kutua.

Ameusoma ujumbe. Hajajibu, na treni imeshapita Manyoni.