Diodi Niliyoigeuza

Mama yangu hakuwa mwizi wa maji. Naanza na hilo kwa sababu aliwahi kuitwa hivyo mbele ya kamati ya ndiva, nami nikiwa nimesimama palepale.

Ndiva ni bwawa letu la kumwagilia huku milimani, na kila shamba lina zamu yake. Goti la mama lilikuwa limeshakataa vilima. Mimi nina meza ya kutengeneza redio na simu Same mjini, basi nikamfungia bombani vali inayotumia sola: ifunguke saa nne, ijifunge saa sita. Siku chache ilitii. Kisha ikagoma kujifunga, na maji ya zamu ya jirani yakamwagikia mahindi yetu hadi jioni. Nikabadilisha transista, swichi ndogo inayoiwashia na kuizimia umeme, ikaungua. Nikaweka nyingine, nayo hivyohivyo. Kila mara jirani alimwambia mama mbele za watu, "Za mwizi arobaini." Kamati ikaamua: ikigoma tena, mama hana zamu msimu mzima.

Kosa lilikuwa langu, na liliniuma. Koili ya vali, ule waya uliosokotwa unaoivuta ifunguke, ukiikatia umeme ghafla, hurusha volti zinazozidi za betri mara nyingi, na transista iliyoukata ndiyo inayotobolewa. Ikishatoboka hupitisha umeme muda wote, vali inabaki wazi. Dawa yake ni diodi moja, ndogo kama punje ya mpunga, inayopitisha umeme upande mmoja tu, nami mwanzoni sikuiweka. Safari hii nikaiunga sambamba na koili, kinyume na mkondo wa betri.

Fundi mzee aliyenifundisha kazi akaichungulia. "Umeigeuza, binti. Hapo haipitishi kitu."

"Haitakiwi kupitisha, mzee. Inangoja ule umeme wa kurudi, iuzungushe humohumo kwenye koili mpaka uishe."

Akacheka, akasema mimi ni mbishi. Ni kweli. Sikuigusa.

Siku ya majaribio kamati ilikuja yote, na jirani naye. Saa sita maji yakakatika, wakaanza kuondoka. Nikawaomba wasubiri. Nikafungua, nikafunga. Nikafungua tena, nikafunga.

"Inatosha, binti," alisema mwenyekiti.

"Mama ameitwa mwizi mara tatu," nikamjibu, nikafungua na kufunga mara ya tatu.

Kisha nikamgeukia jirani. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naomba umtake radhi mama yangu. Hapahapa, kwa sauti ileile."

Mama akanivuta kitenge. "Yaache, mwanangu."

Sikuyaacha.