Mlima Uliopasuka Ubavuni

Bonifasia hakuogopa volkano, na alikuwa na sababu. Alizaliwa Rwanda chini ya Muhabura, mlima uliolala tangu enzi ambazo hakuna wa kuzisimulia. Kwao volkano ilikuwa shamba: udongo mweusi, viazi vya kujaza kiganja. Alipovuka mpaka kukimbilia huku Bukiriro akiwa msichana, mwanzoni mwa miaka ya sitini, aliudharau udongo wetu mwekundu, na mimi jirani yake nikawa wa kuvumilia dharau hizo miaka yote.

Basi bintiye Kalista alipoolewa na Ndizeye, fundi cherehani wa Goma, ni sisi wenyeji tulioogopa. Goma imekaa chini ya Nyiragongo, mlima ambao mdomo wake huwaka mwekundu. Bonifasia akatucheka.

"Mdomo uko juu kule, mji uko chini huku. Ukitapika watauona mapema, watakimbia. Mnaogopa nini?"

Januari 2002, kambi ya Lukole ikiwa bado imejaa wakimbizi wa Burundi, redio ikatangaza kwamba mlima ule umelipuka. Bonifasia alikuwa jikoni kwangu, anasonga ugali. Redio ikasema moto haukutoka mdomoni. Ubavu wa mlima umepasuka, nyufa zimeteremka hadi karibu na mji, na mawe yaliyoyeyuka yamepita katikati ya nyumba za watu mpaka ziwani.

Mwiko ulimponyoka. "Ubavuni? Mlima unapasukaje ubavuni?"

Tulikwenda mbio kwa Bartholomayo, mwalimu wa jiografia. Tulimkuta uani kwake, akaanza kueleza kama yuko darasani.

"Chini sana ardhini kuna mawe yaliyoyeyuka kwa joto. Huku kwetu ardhi inavutwa pande mbili, inachanika polepole, nayo yanapanda kupitia nyufa hizo. Yakitoka yanapoa, yanarundikana mwaka hadi mwaka, ndio mlima wenyewe. Mdomo ni njia moja tu, mama. Pakichanika pengine, yatatokea hapo."

"Mbona wa kwetu haujafanya hivyo?"

"Wa kwenu umelala, kama Kilimanjaro. Na hata inayoamka haifanani. Mingine mawe yake ni mazito kama ugali. Yanaziba njia, gesi inabanwa humo ndani, siku ikifyatuka mlima unalipuka na majivu yanafunika mbingu. Wa Goma ni uji. Unatiririka tu, na penye mteremko mkali hata kijana hawezi kuushinda mbio."

Mwalimu mzima, hajui pa kunyamaza! Nilimkanyaga mguu, lakini nilichelewa. Bonifasia alikuwa ameshakaa chini, kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Tangu siku hiyo hakuzungumzia udongo wa mtu yeyote.

Dereva wa lori aitwaye Kazimili ndiye aliyeleta habari kutoka Kigali: Kalista yu hai, na safari ijayo atamleta mpakani. Tukaenda Rusumo na godoro, sufuria na gunia la maharage. Bonifasia alijua mkimbizi anakosa nini kwanza.

Kalista aliteremka na watoto wawili. Hakuwa na mzigo wowote.

"Shikamoo, mama."

Bonifasia alimkumbatia akalia kwa sauti, nami nikalia. Kisha akauliza, "Mumeo yuko wapi?"

"Amebaki anapima kiwanja."

"Kiwanja gani?"

"Chetu. Nyumba imefunikwa mpaka juu ya paa, mama. Tunasimama juu yake, na mawe bado yana joto, mvua ikinyesha yanatoa mvuke. Lakini mipaka yote imepotea. Asiyesimama juu ya kwake atakuta mwingine amejenga. Nimekuletea watoto tu. Jioni narudi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Una wazimu wewe? Mlima umekufukuza, halafu unaufuata?"

Nikamgeukia Bonifasia, nikingoja amzabe kofi. Yeye alikuwa anaitazama miguu ya binti yake. Ndala za plastiki zilikuwa zimeyeyuka, soli zimejikunja, na kisigino kimoja kilikuwa na malengelenge.

Akainama, akavua viatu vyake vya tairi.

"Vaa hivi."

"Mama Kalista!" nikapiga kelele. "Unamrudisha mtoto kwenye moto?"

Alipiga magoti barabarani, mbele ya madereva wote, akamfunga Kalista kamba za viatu kwa mikono yake mwenyewe. Alipoinuka ndipo aliponijibu, sauti yake ikiwa ya chini.

"Mimi nilikimbia, nikakaa nikingoja kuitwa. Nilipokwenda kupaangalia nyumbani kwetu, mwaka ule wa tisini na tano, nilikuta mwanamke anafagia ua wa mama yangu. Akanikaribisha vizuri kabisa. Akaniuliza, mgeni, unamtafuta nani?"